Kabla ya Kuacha Mkaa, Pima Kwanza

Kijana mwenzangu, mbolea na dawa unaziandika kwenye daftari, lakini mkaa wa kupikia vibarua je? Hata mimi sikuwa nauandika. Siku moja nikanunua jiko la koili la wati 2,000, nikachemshia maharage. Umeme ukaisha kabla ya wiki, nikarudi kwenye mkaa.

Kosa halikuwa umeme, ni kutopima. Wati 1,000 zikiwaka saa nzima ni yuniti 1. Kwenye koili joto jingi linapotea pembeni. Jiko la presha la umeme limefungwa, na likishapata moto linajizima na kujiwasha lenyewe. Kwangu, nusu kilo ya maharage ilikula chini ya nusu yuniti.

Fanya hivi: wiki ya kwanza pima mkaa kwa mizani. Wiki ya pili azima jiko la presha, zima vifaa vingine wakati wa kupika, soma LUKU kabla na baada. Chakula kiwe kilekile. Zidisha kwa bei ya kwenu.

Na kumbuka: kilo 1 ya mkaa wa tanuru la kienyeji inaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Miti hiyohiyo ndiyo inatunza chemchemi unayomwagilia nyanya zako.