Kunguru na Makinda wa Mnana

Sisi wa Pwani twamjua kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, naye akageukia mayai na makinda wa ndege wenyeji. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza azma ya kuwaangamiza milioni moja.

Ndugu zetu wa Eastlands, Nairobi, wana kunguru mwingine, mwenye kifua cheupe. Huyu ni mzawa wa Afrika, hakuletwa na mtu, ila twamlisha. Jaa la Dandora na mifuko ya mabaki tuiwekayo milangoni humruzuku mwaka mzima. Mnana hufuma kiota kwa ustadi, mlango ukitazama chini, lakini majani hayauzuii mdomo wa kunguru.

Mtume (S.A.W.) aliamuru makinda walionyang'anywa mama yao warudishwe. Basi, mama zangu wa Buruburu na Kariobangi, ndoo ya mabaki ifunikwe, tawi lenye kiota lisikatwe mpaka makinda waruke, na mtoto mwenye manati aulizwe alenga nini.