Kuiuguza Okidi Iliyodhoofika

Zamani mtu aliyetaka kumpa mwenziwe ua alilikata bustanini, nalo likanyauka baada ya siku chache. Siku hizi wako wengi wanaopeana ua lililo hai ndani ya kopo, na katika maua ya namna hiyo hakuna litazamwalo kwa mshangao kama okidi. Kikonyo chake huinama kwa uzito wa maua mapana, meupe au ya rangi ya zambarau, ambayo huweza kukaa miezi miwili au mitatu bila kupukutika. Lakini maua yaishapo ndipo taabu ianzapo, kwa maana watu wengi waipokeao zawadi hii hawajafundishwa namna ya kuitunza, nayo huwafia mikononi.

Tumtwae kwa mfano mama mmoja wa Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma, mkulima hodari wa mahindi na maharagwe. Binti yake afanyaye kazi Nairobi amemletea okidi wakati wa Pasaka. Mama akafurahi sana. Akaona ya kuwa kopo la plastiki halina udongo ila vipande vya magome tu, akawahurumia walioipanda kwa ujinga wao. Akaihamisha katika chungu kikubwa, akaijazia udongo mweusi wa shambani uliochanganywa na samadi, akaiweka uani penye jua kali, akainywesha maji asubuhi na jioni. Baada ya miezi miwili majani yakalegea kama ngozi, moja likawa manjano na kuanguka. Mama akadhani mmea una kiu, akazidisha maji. Sasa yamebaki majani matatu, na binti ameandika ya kuwa atakuja Krismasi. Mama anaona haya, wala hajui atamwambia nini mwanawe.

Je, kosa la mama huyu ni uvivu? Hasha! Ameitendea okidi mema yote anayoyatendea mahindi. Kosa ni kwamba okidi si mahindi, wala haikuumbwa kuishi ardhini.

ASILI YA MMEA HUU

Okidi inayouzwa sana madukani ni ya jamii iitwayo Phalaenopsis. Jina hilo lilitolewa mwaka 1825 na mtaalamu wa mimea Carl Blume, nalo latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "mfano wa nondo", kwa sababu maua yake hufanana na nondo warukao. Kwao ni katika misitu yenye joto na mvua ya kusini-mashariki ya Asia, kama vile Ufilipino na Indonesia. Huko haioti chini, bali hushikamana na matawi ya miti mikubwa.

Jambo hili si geni kwa watu wa Bungoma na Kitale. Mtu apitaye katika misitu ya Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, akiinua macho ataona matawi ya miti mizee yamevikwa kuvumwani na kangaga, na katikati yake huota okidi za kwetu, nyingi zikiwa na maua madogo meupe. Wako wakulima wadhanio ya kuwa mimea hii hunyonya utomvu wa mti, lakini sivyo. Okidi hizo hukaa juu ya mti kama vile ndege akaavyo, bila kuula. Hupata maji ya mvua na umande, na chakula kidogo kitokacho katika majani yaliyooza na vumbi lililokusanyika penye magome.

Mizizi yake imevikwa ngozi nene yenye vitundu kama sifongo. Mvua inyeshapo, sifongo hiyo hunywa maji upesi, na mzizi uliokuwa mweupe hugeuka kijani. Kisha upepo hupita, mzizi hukauka, na kungoja mvua nyingine. Kunywa, kisha kukauka: hiyo ndiyo kawaida yake.

KWA NINI MAJI HUIUA

Kila mkulima wa Bokoli ameona mahindi yaliyosimama katika maji wakati wa mvua kubwa. Hayanenepi kwa wingi wa maji, bali huwa manjano na kudumaa, kwa sababu maji yamefukuza hewa katika udongo na mizizi haiwezi kupumua. Ikiwa mahindi, yaliyozoea udongo, hudhurika hivyo, okidi itakuwaje?

Mizizi ya okidi iliyofunikwa kwa udongo mzito huoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa tena, hata ungekuwa ndani ya mtungi. Basi majani hukosa maji na kulegea, na mwenye mmea, aonapo majani yamelegea, huongeza maji na kuiozesha mizizi iliyosalia. Ndiyo sababu mtu asihukumu hali ya okidi kwa kutazama majani peke yake. Majani yaliyolegea huweza kuwa dalili ya kiu, tena huweza kuwa dalili ya kuzama. Ukweli umo katika mizizi.

MATIBABU YAKE

Kwanza, mmea utolewe chunguni, na mizizi ioshwe kwa maji safi mpaka udongo wote utoke. Kisha kila mzizi ubonyezwe polepole kwa vidole. Ulio mgumu, mweupe au wa kijani, ni mzima. Ulio laini, wa rangi ya kahawia, unaovuka ngozi na kuacha uzi mwembamba tu, umekufa.

Pili, mizizi iliyokufa ikatwe yote kwa mkasi mkali uliopitishwa motoni au uliopanguswa kwa spiriti, ili ugonjwa usihamie penye afya. Kikonyo cha maua, kama kingaliko, nacho kikatwe. Mmea mgonjwa hauwezi kulea maua na kuota mizizi kwa wakati mmoja. Lakini majani yaliyo ya kijani yasikatwe hata kama yamelegea, maana ndiyo yanayoupikia mmea chakula.

Tatu, mmea uachwe kivulini muda wa siku moja ili majeraha yakauke.

Nne, upandwe tena katika kopo dogo lililotobolewa matundu mengi chini na ubavuni. Kopo la plastiki lipenyalo nuru ni zuri, kwa kuwa mizizi huonekana bila kusumbuliwa. Lisiwe kubwa kuliko haja ya mizizi iliyobaki. Lijazwe vipande vya magome ya msonobari vilivyochemshwa na kupozwa, pamoja na vipande vya mkaa wa kuni, kila kimoja kiasi cha ncha ya kidole gumba. Asiyepata magome atumie mkaa na vipande vya matofali yaliyochomwa. Udongo usitiwe hata kidogo, wala samadi. Shingo ya mmea, yaani mahali majani yanapokutana na mizizi, ibaki juu bila kufukiwa.

Baada ya hayo mmea uwekwe penye nuru isiyo ya jua kali, nao unyweshwe maji kidogo tu, kila vipande vikaribiapo kukauka. Mbolea isitiwe mpaka mizizi mipya ionekane. Hapa ndipo subira inapojaribiwa, kwa maana huweza kupita miezi mingi bila badiliko lo lote, na mwaka mzima au zaidi kabla ya ua.

MALEZI YA KILA SIKU

Okidi iliyopona hutaka mambo machache, ila huyataka kwa utaratibu. Karani mwenye dirisha la ofisi linaloelekea mashariki ana mahali pema pa kuiweka, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole. Majani yakiwa ya kijani cheusi sana, nuru haitoshi. Yakipata wekundu au madoa yaliyoungua, jua limezidi.

Maji ya mvua ndiyo bora. Yamiminwe asubuhi mpaka yatoke chini, kisha kopo liachwe lichuruzike, lisiwekwe katika sahani yenye maji. Mara nyingi hutosha kunywesha mara moja kwa juma. Wakati wa kiangazi cha Desemba hata Februari huenda ikahitaji zaidi, na wakati wa mvua upungufu. Mizizi ikiwa myeupe, mmea u tayari kunywa. Ikiwa ya kijani, ungoje. Maji yaliyotuama katikati ya majani yapanguswe kwa kitambaa, yasije yakaozesha moyo wa mmea.

Baridi kidogo ya usiku, ya kiasi cha digrii 16 hadi 18 kwa majuma machache, huiamsha okidi ianze kutoa kikonyo kipya. Katika jambo hili watu wa Bungoma wana bahati kuliko wenyeji wa pwani. Lakini Kitale, iliyo kwenye kimo cha mita 1,900 hivi, usiku huweza kuwa na baridi kali, basi huko mmea ulale ndani ya nyumba.

OKIDI ZA MSITUNI ZIACHWE

Huenda msomaji akawaza ya kuwa ni rahisi kwenda Masaba na kubandua okidi mtini bila kulipa senti. Haifai. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na msituni haioti isipokuwa imesaidiwa na kuvu wa namna maalumu. Jambo hilo liligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha njia ya kuotesha mbegu hizo katika chupa yenye sukari na chumvichumvi, bila kuvu, na tangu hapo okidi nyingi mno zimekuzwa bila kuubomoa msitu. Iliyobanduliwa msituni mara nyingi hufa nyumbani, na tawi lake huweza kukaa miaka mingi bila kupata nyingine. Tena, kuchukua mimea katika hifadhi bila ruhusa ni kosa.

Lakini mkulima akiangusha mti mzee shambani mwake mwenyewe, na kuona okidi tawini, asiiache ife juani. Aibandue pamoja na gome lake, aifunge kwa kamba ya katani katika mti mwingine ulio hai, upande wenye kivuli, wala asiifukie. Mvua itafanya kazi iliyobaki.

Na yule mama wa Bokoli? Tuseme ameutoa mmea wake katika udongo, ameukatia mizizi iliyooza, na kuupanda katika mkaa na magome. Binti yake ajapo Krismasi hatakuta ua. Atakuta majani matatu, bado hayajanyooka vizuri, na kando ya shina ncha moja ya mzizi mpya, ya kijani, ndogo kama punje ya mtama. Mama hana haja ya kuona haya. Ncha hiyo ni dalili ya kuwa mmea umekubali kuishi, naye aweza kumwonyesha mwanawe kwa furaha.