Asiyehesabiwa Hatengewi Njia

Mafunzo ya misingi ya kupanga usafiri husimama juu ya maswali manne: safari ngapi huanzia mahali fulani, huelekea wapi, kwa chombo gani, na kwa njia ipi. Majibu hupatikana kwa kuhesabu na kuuliza, wala si kwa kukisia.

Tuutazame mpaka wa Rusumo, ambako daraja la mto Kagera huunganisha Rwanda na Tanzania. Rwanda magari hupita kulia, Tanzania hupita kushoto. Hivyo ni lazima pawepo mahali maalumu pa kubadilisha upande. Lakini mpangaji ahesabuye malori peke yake hatamwona mama aliyejitwika kikapu, mwendesha baiskeli, wala mtoto aendaye shule. Hao ndio hubaki bila kivuko, na ndio hugongwa.

Kwa hiyo, ndugu mwananchi, umkutapo karani wa hesabu kando ya barabara, usimkwepe. Mwombe kitambulisho, kisha umweleze kwa ukweli utokako, uendako na chombo utumiacho. Maswali hayo hayana malipo. Akikudai fedha, toa taarifa upesi katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.