Telki, Matiti na Shoti: Msamiati wa Safari Katika Njia ya Matondoni

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotajiwa neno hatamu, aghalabu mawazo yake hukimbilia siasa: chama kimeshika hatamu, fulani amekabidhiwa hatamu za uongozi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hatamu ni kamba ya kumwongozea mnyama, na kwamba mwenye kuishika alikuwa kwanza amepanda au anaongoza punda. Sitiari imebaki ilhali kitu chenyewe kimesahaulika. Makala haya yanakusudia kuchunguza fungu dogo la msamiati wa aina hiyo, yaani msamiati wa safari fupi ya nchi kavu, kwa kuitazama njia moja tu: ile itokayo mji wa Amu hadi kijiji cha Matondoni.

Mji wa Amu umejengwa upande wa mashariki wa kisiwa cha Lamu. Matondoni iko upande wa magharibi, ikiuelekea mkondo unaokitenga kisiwa na bara. Kijiji hiki kina sifa ya mambo mawili: mafundi wa vyombo vya bahari na wasukaji wa mikeka. Msafiri anaweza kukifikia kwa mashua kwa kuzunguka kisiwa, lakini hapo hana budi kungojea maji yajae. Akitaka kwenda kwa miguu, hutoka nyuma ya mji, akakata mashamba ya minazi na miembe, na kwa mwendo usiokuwa wa haraka hufika kwa muda wa saa mbili hivi. Njia ni tambarare. Mashaka yake si milima bali mchanga.

Mchanga huo ndio ufunguo wa maelezo yote yanayofuata. Tuseme mtu ametoka na skuta, kile kigari cha ubao mwembamba na magurudumu mawili madogo ambacho mpandaji hukisukuma kwa kupiga ardhi teke kwa mguu mmoja. Vichochoroni mwa mji, palipotiwa saruji, kitakwenda. (Inafaa kukumbuka hapa kwamba katika methali zetu mateke ni shukrani ya punda, kwa skuta ni mpandaji ndiye apigaye mateke, na ardhi ndiyo inayoyapokea.) Akifika mashambani, mambo hugeuka. Uzito wote wa mtu hukalia sehemu ndogo mno ya gurudumu, gurudumu likazama, na kila linapotaka kuendelea linakuwa kama linalopanda ukuta wa shimo lililojichimbia lenyewe. Ukwato wa punda nao huzama, tena si mkubwa. Tofauti ni kwamba punda huunyanyua mguu wake na kuutoa shimoni kabla ya kuuweka mahali pengine, hali gurudumu halinyanyuki. Baada ya mvua mchanga hushikamana na magurudumu hupata nafuu kidogo. Wakati wa kiangazi nafuu hiyo haipo.

Isidhaniwe kwamba chombo cha kusukuma kwa mguu ni kitu kigeni kabisa kwa wasemaji wa Kiswahili. Mashariki mwa Kongo, katika mji wa Goma na viunga vyake, kipo chukudu: chombo cha mbao, hasa za mkaratusi, chenye urefu wa mita mbili hivi, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa matairi makuukuu, na usukani wa mti. Mwenyewe huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Chukudu hubeba mamia ya kilo za makaa, viazi na kabichi, na heshima yake ni kubwa hata mwaka 2009 ilizinduliwa mjini Goma sanamu ya rangi ya dhahabu inayomwonyesha mtu akiendesha chombo hicho. Lakini Goma iko chini ya vilima. Mzigo hutoka mashambani juu, kama vile Kibumba, ukateremka wenyewe kwa uzito wake, na barabara za huko zina mawe ya volkano yasiyozamisha gurudumu. Matondoni hakuna mteremko wa kumsaidia mtu, wala hakuna ardhi ngumu. Ndiyo maana jamii mbili zinazotumia lugha moja zimelitatua tatizo moja la mzigo kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika majina. Vyombo vya magurudumu vilivyoingia Afrika Mashariki katika karne ya 20 vingi vimepewa majina ya milio. Pikipiki ni mlio wa injini, na chukudu hudhaniwa kuwa mlio wa magurudumu ya mti juu ya mawe. Bodaboda ina asili nyingine, nayo ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, kwa sababu baiskeli za abiria zilianza kupata umaarufu kwa kuvusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda. Majina ya namna hii hutaja chombo kizima, kisha basi. Sehemu zake zikitajwa, huazimwa kutoka lugha ya kiwandani: breki, klachi, gia.

Msamiati wa punda umejengwa vingine. Kwanza kuna vifaa. Punda wa kupandwa hutandikwa, na kitandikwacho ni matandiko. Kitenzi ni kilekile cha kutandika kitanda. Mdomoni hutiwa lijamu, na kwa hatamu huongozwa. Punda wa mzigo huwekewa shogi, nao ni mfuko mpana wa ukili ulioshonwa ukaachwa wazi kwa urefu wake, ambao ukilazwa juu ya mgongo huwa na matumbo mawili, moja kila ubavu. Fundi wa shogi hana budi kujua upana wa mgongo na kiasi cha mzigo, kwani upande mmoja ukizidi uzito mnyama huumia na mzigo humwagika.

Pili, na hapa ndipo penye utajiri, kuna miendo. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zinaupambanua mwendo wa punda kwa makini. Telki ni mwendo wa haraka ulio laini, ambao mpandaji hatikisiki. Matiti ni mwendo wa kurukaruka, wenye kumtupa mtu juu na chini. Shoti ni mbio kamili, miguu ikiacha ardhi. Mwenye safari ya saa mbili hutaka telki: matiti yatamchosha, na shoti itamwangusha au kumwua punda kabla ya kufika. Maneno haya si mapambo. Ni maagizo ya kazi, kama vile baharini mkuku, mataruma na kalafati yasivyo mapambo kwa fundi wa Matondoni anayeunda jahazi. Inasikitisha kuona kwamba vitabu vya shule huyataja ya baharini kwa fahari na kuyaacha haya ya nchi kavu, kana kwamba Mswahili alikuwa na chombo tu na hakuwa na mnyama.

Tatu ni lahaja. Mwenyeji wa njia hii hasemi njia, husema ndia. Mchanga wake ni mtanga, nje ni nde, jua ni yua, maji ni mai, na vyombo ni zombo. Kanuni ni nyepesi kuifuata: mara nyingi penye nj katika Kiswahili sanifu, Kiamu huwa na nd, penye ch, huwa na t, na j husikika y au hutoweka. Mwanafunzi anayesoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa lahaja za kaskazini, hukutana na sauti hizi na kuzidhania kuwa za kishairi, au za kale. Si hivyo. Ni matamshi ya watu wanaopita kwenye mtanga huo na punda wao hadi leo.

Hata hivyo mambo yanabadilika. Mji wa Amu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na miongoni mwa sifa zilizoupa jina ni vichochoro visivyopitika kwa gari. Punda wa kisiwa wamekuwa na kituo chao cha matibabu tangu mwaka 1987. Lakini katika miaka ya karibuni pikipiki za abiria zimeingia kisiwani, nazo, kwa magurudumu mapana na nguvu za injini, hupita mchangani pale ambapo skuta ingekwama. Hakuna haki ya kumlaumu mama mjamzito wa Matondoni anayetaka kufika hospitali kwa dakika chache badala ya saa mbili. Isipokuwa pikipiki haina telki wala matiti. Ina polepole na mbio. Kijana anayeendesha pikipiki hana haja ya kuijua shogi, kwani mzigo wake hufungwa kwa mpira.

Kazi iliyopo kwa vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu si kubwa wala ya gharama. Orodha za maneno zinazokusanywa kwa kuketi na mzee barazani hutoa vifaa vyema, lakini hazitoi miendo, kwa kuwa mtu akiulizwa maana ya telki atajibu kwamba ni mwendo wa punda, na mtafiti ataandika hivyo. Tofauti ya telki na matiti hupatikana punda akiwa njiani, mwenyewe akimwamrisha. Ni vyema kinasa sauti kiende na punda wa mchanga na mawe ya ujenzi wanaofanya kazi kila siku, si wale wa mashindano ya sikukuu peke yao, kwa sababu punda wa mashindano hujua shoti tu. Aidha, maneno ya kumwamrisha mnyama aende, ageuke au asimame yaandikwe jinsi yasikikavyo, kwa matamshi ya Kiamu, kabla ya kutafutiwa umbo sanifu.