Nani Aliwamaliza Furu?

Mhakiki na takwimu, wapi na wapi? Subirini, wenzangu. Hapa Nyegezi, kila tukijadili Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, hukumu ni ileile: sangara ndiye aliyewamaliza furu wa ziwa letu miaka ya 1980. Wengine hutaja uvuvi, wengine uchafu uliostawisha mwani.

Hebu tuchukulie tuna hesabu za miaka 30, na sababu hizo 3 tumezitia katika modeli moja ya regresheni. Tuihukumu kwanza yote kwa pamoja, kwa jaribio la F, herufi ya kumuenzi Ronald Fisher. Tunaanza kwa kudhani kwamba sababu zote 3 hazina uzito. Mtawanyiko ambao modeli imeueleza tunaugawa kwa 3. Uliobaki tunaugawa kwa 26, yaani 30 toa 3 toa 1. Jibu la kwanza tukiligawa kwa la pili, tunapata F. Ikizidi 2.98, kwa kiwango cha asilimia 5, dhana yetu imeanguka: walau sababu moja ina uzito.

Ipi sasa? Hapo F haisemi kitu. Sangara, nyavu na uchafu viliongezeka pamoja, hivyo kila kimoja peke yake chaweza kuonekana dhaifu ilhali modeli nzima ina nguvu. Tena miaka hufuatana kama ndugu. Tusipoangalia, F yenyewe itatudanganya.

Basi tusimnyonge mhusika mmoja kwa sababu tu hadithi nzima imetuingia.