Nyumba ya mbao juu ya mto: mbona haijaoza?

Mjini Bamberg, Ujerumani, kuna nyumba ya fremu za mbao inayoning'inia juu ya mto Regnitz tangu 1668. Inaitwa Rottmeisterhaus, na imebandikwa ubavuni mwa jengo la zamani la halmashauri ya mji, katikati kabisa ya mto. Walikuwa wakikaa humo wakuu wa walinzi wa mji. Leo jengo lote ni la utamaduni: lina makumbusho ya vyombo vya kauri, yaliyofunguliwa 1995, na ukumbi wa harusi na hafla.

Sasa jiulize: mbao, zaidi ya miaka 350, maji yanapita chini. Imekuwaje?

Wengi hudhani maji ndiyo yanayoozesha mbao. Si hasa. Anayeozesha ni kuvu, na kuvu hawezi kufanya lolote kama maji ndani ya mbao hayajazidi takriban asilimia 20 ya uzito wake ikiwa kavu. Kwa hiyo mbao kulowa si tatizo, mradi ikauke upesi. Nyumba inayoning'inia hupigwa na upepo pande zote, hata chini, na haigusi ardhi. Waliowahi kujenga nyumba ya miti na udongo wanajua nguzo huoza wapi: pale pale usawa wa ardhi, penye maji na hewa kwa pamoja.

Tena nyumba nyingi za aina hii Ujerumani zilijazwa kuta kwa fito na udongo uliochanganywa na majani makavu (ndiyo, kama za kwetu). Udongo na chokaa hunyonya unyevu na kuuachia. Saruji haiko hivyo. Ni ngumu, mbao inavimba na kusinyaa, ufa unatokea, maji yanaingia halafu hayana pa kutokea. Karne ya 20 nyumba nyingi Ulaya "zilikarabatiwa" kwa saruji, mbao zikaoza kimyakimya nyuma ya plasta.

Hatari nyingine ni sisi wageni. Mtu aliyekaa tu hutoa karibu gramu 40 hadi 50 za mvuke kwa saa. Watu 100 kwa saa mbili: lita 8 hadi 10 hivi! Wakati wa baridi mvuke huo hupenya nyufa na kugeuka maji kwenye ukuta wa nje, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwa hiyo anayetaka kufanya nyumba ya namna hii kuwa ukumbi, mimi ningemuuliza habari za madirisha kabla ya taa na spika. Na kukagua si kazi kubwa: kipimo chenye sindano mbili huchomekwa kwenye boriti na kupitisha umeme kidogo. Ukipita kwa urahisi, mbao imelowa.