Maji ya Kiyoyozi Yaende Wapi?

Uyole si mahali pa kulilia kiyoyozi. Ukifika pale, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, barabara kuu iendayo Zambia inapoachana na ile ya Tukuyu na Kyela, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni watu huvaa makoti. Viyoyozi vya huko ni vya vyumba vya kompyuta, maabara na stoo za dawa. Lakini ishike hiyo barabara ya Tukuyu uteremke hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Hapo joto na unyevu havina mzaha, na kiyoyozi ni haja ya kweli.

Kokote fundi anakokifunga, juu au bondeni, kuna jambo moja ambalo wenye nyumba wengi hawaliulizi: maji yake yataelekezwa wapi?

Maji hayo yanatoka hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba mvuke wa gramu 30 hivi. Ikipozwa hadi nyuzi 15, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13. Kinachozidi hugeuka matone kwenye koili ya ndani, kikadondokea kwenye trei na kutoka kwa paipu. Siku yenye unyevu mwingi, kiyoyozi cha chumba kimoja kinaweza kujaza ndoo ya lita 10. Hiyo si hitilafu. Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, tatizo alilopewa lilikuwa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi.

Kanuni ya kimataifa ya mabomba, iliyoandaliwa Marekani na kufuatwa katika nchi kadhaa, imetenga kifungu cha 314 kwa maji haya. Paipu isiwe chini ya robo tatu ya inchi kwa ndani, iwe na mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita, na maji yasimwagwe barabarani, uchochoroni wala mahali pa kumkera mtu. Pale ambapo trei ikifurika itaharibu dari au ukuta, iwekwe kinga ya pili: trei ya akiba, njia nyingine ya maji, au swichi ya kuzima mashine.

Mteremko ndio unaopuuzwa zaidi. Paipu laini hupitishwa ukutani ikipanda na kushuka, maji yakatuama kwenye tumbo lake, vumbi na ukungu vikaota humo, kisha siku moja maji yakarudi ndani na kulowesha kitanda. Fundi mwenye pimamaji anaepusha haya yote kwa dakika chache.

Kosa jingine ni kuchomeka paipu hiyo moja kwa moja kwenye bomba la choo au chemba ya maji taka. Kona ya U yenye maji ndiyo inayozuia harufu isipande. Nyanda za Juu Kusini, ambako kiyoyozi kinaweza kukaa miezi bila kuwashwa, maji ya kona hiyo hukauka, na hewa ya shimo ikaingia chumbani. Ni salama zaidi maji yadondokee kwenye mfereji wenye nafasi ya hewa katikati, au kwenye bustani. Yasiachwe yakatonye mwezi mzima kwenye ukuta wa jirani. Tofali mbichi, ambazo bado hutumika kujengea nyumba katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa, hulika upesi.

Na maji yenyewe yana faida. Jengo la Burj Khalifa la Dubai hukusanya maji ya viyoyozi vyake na kumwagilia bustani. Nyumbani yanafaa kudekia na kumwagilia maua. Yasinywewe, kwa sababu yamepita kwenye vumbi na vyuma vya mashine.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie amwage lita moja ya maji kwenye trei ya ndani mbele yako, kisha toka nje ukaangalie yanatokea wapi. Yasipotoka yote, asikusanye vifaa vyake.